Toba Kwanza au Tiba Kwanza?
Ikitajwa kwamba bima ya umma ilipie soba hausi, nyumba wanakolazwa waraibu wa dawa za kulevya ili waache, pingamizi la kwanza kusikika Unguja ni kwamba mla unga alijitakia, basi michango ya wengine isimlipie. Pingamizi hili halipaswi kudharauliwa, maana lina mzizi katika fiqhi. Wanazuoni wa Kishafii waliulizana kama aliyekopa kwa ajili ya maasi anastahiki fungu la wenye madeni katika zaka. Imamu Nawawi, katika Minhaj, aliona kauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa atapewa akitubu. Maasi hayakumfungia mlango moja kwa moja.

Mpinzani atadakia hapo hapo: basi atubu kwanza. Lakini sharti mojawapo la toba ni kuacha, na kuacha ndiko kunakomshinda mwenye arosto. Mifupa inamuuma, anatapika, anaharisha, usingizi hauji, na maskani wanakouza kete ni mtaa wa pili tu. Kumtaka aache kabla ya kulipiwa ni kumdai matunda ya tiba yawe kiingilio cha tiba. Anayebisha hodi soba hausi kwa hiari yake amekwishatimiza sehemu ya toba iliyo ndani ya uwezo wake. Tena, fiqhi huharamisha kilevi kwa kulinda akili. Sioni vipi ulinzi huo ukome pale akili inapotafuta pa kurejea.

Wengi hurudia, ni kweli. Mapitio ya McLellan na wenzake, yaliyochapishwa Marekani mwaka 2000, yalionyesha asilimia 40 hadi 60 hurudia matumizi ndani ya mwaka mmoja baada ya matibabu. Kwa presha na pumu, wanaozidiwa tena kila mwaka hata wakahitaji daktari ni asilimia 50 hadi 70, na hakuna anayewanyima kitanda kwa kuwa waliacha vidonge.

Pingamizi zito zaidi kwangu ni la ubora wa nyumba zenyewe, na la nani hasa anazihitaji. Si kila mraibu anahitaji kulazwa. Methadoni, dawa ya kutuliza arosto inayotolewa Hospitali ya Muhimbili tangu 2011, hunywewa kila siku mbele ya mhudumu na mtu akarudi kwake. Kwa hiyo bima iwalipie wale ambao nyumbani hapawafai, tena katika nyumba yenye mtaalamu wa afya, isiyofunga watu minyororo wala kuihesabu methadoni kuwa ulevi mwingine. Mfuko wa umma unaweza kukagua na kukataa kulipa. Mama aliyeuza bangili zake ili mwanawe apokelewe hana nguvu ya kudai lolote kati ya hayo.