Je, Ni Riya Kuonyesha Nishani?

Katika mambo ambayo zama zetu zimeyaleta kabla hatujapata nafasi ya kuyafikiri, moja ni hili: askari mstaafu anazipiga picha nishani alizopewa kwa kupigana vita, kisha anaiweka picha hiyo kwenye ukurasa wake wa intaneti, mahali ambapo kila mwenye simu aweza kuitazama. Wako wanaomsifu na wako wanaomlaumu. Wanaomlaumu husema kuwa hayo ni majivuno, na kwamba mtu mwema huuficha wema wake. Wanaomsifu husema kuwa aliyehatarisha roho yake kwa ajili ya nchi hana sababu ya kuona haya. Swali hili si dogo kama linavyoonekana, kwani ndani yake limo swali jingine kubwa zaidi: tendo jema likishatendwa, ni mali ya nani?

Hata huku Soitsambu, katika tarafa ya Loliondo, wilaya ya Ngorongoro, ambako maisha ya watu yanategemea mifugo, simu za mkononi zimefika. Kijana achungaye ng'ombe aweza kukiona kifua cha mtu aliye Mwanza au London, nishani zikiwa zimepangwa juu yake. Basi swali hili limekuwa letu pia, na yafaa tulitazame kwa utulivu.

NISHANI NI NINI?

Nishani yenyewe ni kipande cha madini na utepe wa kitambaa. Thamani yake yote imo katika maneno ambayo inayasema bila sauti: kwamba mtu huyu alikuwapo, na alitenda. Kwa hiyo nishani ni ushahidi. Na kila ushahidi una mambo matatu: tendo lenyewe, shahidi anayelieleza, na mtu anayeshuhudiwa. Yakikutana matatu hayo, nishani ni ya kweli. Likikosekana tendo, kinachobaki ni chuma tu.

Mfano wa nishani zisizo na tendo tulikuwa nao jirani kabisa. Idi Amin, aliyeitawala Uganda tangu mwaka 1971 hadi 1979, alijivika nishani nyingi kifuani. Miongoni mwa vyeo vyake aliweka herufi V.C. Kwa Waingereza herufi hizo ni alama ya nishani yao kuu ya ushujaa, iliyoanzishwa mwaka 1856; kwake zilikuwa alama ya nishani aliyojitungia mwenyewe. Alijiita pia mshindi wa Dola ya Kiingereza. Ilidaiwa kwamba alipigana Burma katika Vita Kuu ya Pili, hali aliingia jeshi la King's African Rifles mwaka 1946, vita hivyo vikiwa vimekwisha.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi yake yaliingia Kagera, na tarehe 1 Novemba akatangaza kuwa sehemu hiyo ya Tanzania ni ya Uganda. Daraja la Kyaka likavunjwa, na raia wengi wakauawa. Watanzania walioitikia hawakuwa askari wa kawaida peke yao. Walikuwamo pia wanamgambo, watu waliotoka mashambani na makazini. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka, na mwenye kifua kilichojaa nishani akakimbia. Alifia Jeddah mwaka 2003. Angalia, ewe msomaji: nishani zote zile hazikuweza kumpa ujasiri wa siku moja.

Na kinyume chake pia kipo, yaani tendo lisilo na nishani. Katika Vita Kuu ya Kwanza, tangu 1914 hadi 1918, Waafrika kwa mamia ya maelfu walikusanywa kuwa wapagazi wa majeshi ya Waingereza hapa Afrika Mashariki. Walibeba risasi na chakula vichwani, katika mvua na mabwawa, wala wengi wao hawakuulizwa kama wanataka. Walikufa kwa makumi ya maelfu, na waliouawa na maradhi na uchovu walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi. Wengi hawana hata kaburi linalojulikana. Kumbukumbu yao kubwa katika Dar es Salaam ni jina la Kariakoo, ambalo asili yake ni jina la Kiingereza la kikosi hicho cha wapagazi. Watu wananunua nyanya na vitambaa pale kila siku, nao hawajui kuwa wanalitamka jina la wafu.

Basi tumepata jambo la kwanza: nishani si kipimo cha tendo. Ni shahidi tu, na shahidi aweza kusema uongo, tena aweza kunyamaza.

LAWAMA YA RIYA

Sasa tuje kwenye lawama yenyewe. Wanaowalaumu askari hawa wana hoja yenye nguvu, wala haifai kuidharau. Katika Hadithi mashuhuri iliyopokewa katika Sahihi Muslim, Mtume s.a.w. ameeleza kuwa miongoni mwa watu wa kwanza watakaohukumiwa ni mtu aliyeuawa vitani. Mtu huyo atadai kuwa alipigana kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, naye ataambiwa kuwa amesema uongo. Alipigana ili aitwe shujaa, na watu wamekwisha kumwita hivyo. Jambo la kutisha hapa ni kwamba mtu huyu alikufa kweli. Tendo lilikuwapo, na mashahidi walikuwapo. Hakuongopa juu ya vita, bali juu ya nia. Basi alikuwa amekwisha kulipwa ujira wake duniani, wala hakubakiwa na kitu.

Hata hivyo haifuati kwamba kuficha ni wema daima. Kurani Tukufu imewaruhusu waumini kutoa sadaka zao waziwazi na imelisifu jambo hilo, ingawa imesema kuwa kuwapa maskini kwa siri ni bora zaidi. Tena Kurani hiyohiyo imekataza kuficha ushahidi. Zaidi ya hayo, moyo wa binadamu ni mjanja. Yuko mtu afichaye nishani zake ili watu waseme, "Tazama alivyo mnyenyekevu!" Huyo naye amepanda jukwaani, ila amepitia mlango wa nyuma. Basi riya haimo katika kuonyesha wala haiondoki kwa kuficha. Imo katika kile ambacho mtu anakitafuta kwa wanaomtazama.

Na kuna wengine ambao haki yao imo katika jambo hili, nao ni wafu. Huko Kaboya, wilaya ya Muleba, wamezikwa askari waliokufa katika vita vya Kagera. Hao hawana kurasa za intaneti. Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 20 mwaka 1979 sasa amekwisha kuvuka miaka 60, na kila mwaka wanapungua wale wawezao kusema, "Mimi nilikuwa naye alipoanguka." Wote hao wakinyamaza kwa kuogopa kuitwa wenye majivuno, ni nani atakayewaeleza watoto? Kimya kama hicho chaweza kuonekana ni unyenyekevu, kumbe ni kuwazika wenzao mara ya pili.

HEKIMA ILIYOKO NYUMBANI

Wamasai walikuwa na nishani yao kabla serikali yoyote haijagawa nishani katika nchi hii. Morani aliyemchoma simba mkuki aliweza kuvaa kichwani kofia ya manyoya ya shingo ya simba huyo. Siku hizi simba wanalindwa kwa sheria, na ni vema iwe hivyo. Lakini hekima iliyokuwamo katika desturi ile haijapitwa na wakati.

Kwanza, kofia ile ilionekana na watu waliomjua mvaaji. Marika zake walikuwa naye porini, na kama asingalikuwa mkweli wangalimcheka palepale. Pili, umorani wenyewe una mwisho. Katika sherehe ya eunoto mama humnyoa mwanawe zile nywele ndefu zilizopakwa udongo mwekundu, naye kijana huianza njia ya kuwa mzee. Tangu hapo heshima yake hutafutwa kwingine: jinsi anavyosema barazani, anavyopatanisha waliogombana, na anavyomsaidia aliyefiwa na mifugo. Hakuna anayekana kuwa alikuwa shujaa, lakini ushujaa wa jana haumlipii deni la leo.

Historia ya Uislamu nayo inatoa mfano wa namna hiyo. Khalid bin Walid r.a., jemadari mwenye sifa nyingi, aliondolewa katika uongozi wa jeshi na Seyidna Umar r.a. katika siku ambazo jina lake lilikuwa juu kabisa. Hakuasi, wala hakuwahesabia watu ushindi wake. Aliendelea kupigana chini ya Abu Ubaida r.a. Kuitii amri ile kulihitaji ushujaa mkubwa kuliko kushinda vita.

MTANDAO UMEBADILI NINI?

Nishani iliyovaliwa katika gwaride na nishani iliyowekwa mtandaoni ni ileile, lakini mazingira yake yametofautiana katika mambo matatu.

La kwanza, katika gwaride wamo wenzake wawezao kumsahihisha. Mtandaoni wengi wa watazamaji hawamjui. Ndiyo maana uongo umepata nafasi. Nchini Marekani ilitungwa sheria mwaka 2006 ya kumwadhibu mtu anayedai kwa uongo kuwa amepewa nishani ya kijeshi. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliitengua kwa ajili ya uhuru wa kusema, na mwaka 2013 ikapitishwa nyingine inayomwadhibu yule adanganyaye ili ajipatie fedha au faida. Hapo tunajifunza kuwa sheria yaweza kumkamata mwizi, lakini mwenye majivuno imemwachia dhamiri yake.

La pili, gwaride lina jioni yake. Askari hurudi nyumbani, huvua koti, huitundika, kisha huenda kumkatia ng'ombe majani. Ukurasa wa mtandao hauna jioni. Nishani zinakaa pale usiku na mchana, na mwenyewe aweza kusahau kuvua.

La tatu, mtandao unahesabu. Unamwambia mtu ni wangapi waliomsifu leo, na kwamba jana walikuwa wengi zaidi. Aliyetoa damu yake bila kuhesabu anafundishwa uzeeni kuhesabu sifa. Hii ndiyo hatari kubwa kuliko zote, nayo inamngojea hata mtu mkweli kabisa.

BASI AFANYE NINI?

Kwa maoni yetu hapana budi kusema wazi kwamba kuonyesha nishani ya kweli si dhambi. Lakini nishani ni amana, na mwenye amana hufuata masharti. Aseme kweli tupu: alipigana wapi, alifanya nini, na lipi hakulifanya. Awataje aliokuwa nao, hasa wale ambao hawakurudi, ili anayeitazama picha aondoke akiwa amewajua watu wengi na si mtu mmoja. Wala asiifanye nishani kuwa fimbo ya kuwanyamazisha wengine katika mabishano, kana kwamba aliyepigana vita mwaka 1979 hawezi kukosea leo.

Huenda msomaji akauliza: Je, mzee mwenye dhiki akizionyesha nishani zake ili asaidiwe, naye analaumiwa? La hasha! Kudai haki si sawa na kudai ukubwa. Anayesema, "Nilitumikia, nami sina dawa," anatoa ushahidi juu yetu sisi, si sifa kwa nafsi yake. Ikiwa imembidi mzee apitie kwenye simu ya mjukuu wake ili akumbukwe, aibu hiyo si yake. Bali akizitumia nishani hizo kuwapita wajawazito na wagonjwa waliomtangulia katika foleni ya zahanati, hapo ameugeuza ushahidi kuwa deni, na deni hilo halina mwisho.

Sasa twaweza kulijibu lile swali letu la kwanza. Tendo jema likishatendwa, thawabu yake iko kwa Mwenyezi Mungu, na kumbukumbu yake ni mali ya watu waliofaidika nalo. Mtendaji mwenyewe amebakiwa na wajibu wa kusema kweli anapoulizwa. Kwa hiyo njia iliyo bora ni watu wengine wamtangulie. Mjukuu aketi na babu yake, amwulize na kuandika. Mwalimu amwalike shuleni. Kijiji kimpe nafasi ya kuzungumza Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai. Jamii inayowakumbuka watu wake bila kukumbushwa huwaondolea wazee wake mtihani mkubwa wa moyo. Na jamii inayosahau, kisha ikamcheka mzee aliyejikumbusha mwenyewe, haina haki ya kutaja neno riya.

Mwenyezi Mungu azitakase nia za wale waliotutumikia, na atujalie sisi tusiwe wazito wa kushukuru. Amin.