Mkono Mtupu: Unyenyekevu na Utoaji katika Nyaraka za Paulo

Methali isemayo kwamba mkono mtupu haulambwi ingeeleweka vizuri katika miji ya Dola ya Rumi ambako Mtume Paulo alihubiri katika karne ya 1, kwa kuwa maisha ya miji hiyo yalitegemea sana ufadhili, yaani uhusiano ambamo tajiri hutoa mali kwa ajili ya umma au kwa watu walio chini yake, nao humrudishia sifa, utii na vyeo. Huko Korintho, mwaka 1929, wanaakiolojia walifukua maandishi ya Kilatini yaliyochongwa kwenye sakafu ya mawe, yakitangaza kwamba mtu aitwaye Erasto aliitandaza sakafu hiyo kwa fedha zake mwenyewe kama malipo ya cheo alichopata katika uongozi wa mji, na hivyo kila aliyepita pale alikanyaga juu ya jina la mfadhili wake.

Katika mazingira hayo, neno la Kigiriki analolitumia Paulo kwa unyenyekevu, tapeinofrosune, halikusikika kama sifa njema, maana shina lake lilitaja hali duni ya mtumwa au fukara, na aghalabu lilitamkwa kwa dharau. Hata hivyo, Paulo analiweka mbele ya Wafilipi, wakazi wa koloni la Kirumi ambako askari wastaafu waligawiwa ardhi baada ya vita vya mwaka 42 KK, na sababu anayoitoa ni kwamba Kristo, aliyekuwa na namna ya Mungu, alijifanya mtupu na kuitwaa hali ya mtumwa hadi kufa msalabani. Kitendo hicho wanateolojia hukiita kenosi, na wamebishana kwa karne nyingi kuhusu kile hasa ambacho Kristo alikiacha. Lakini Paulo mwenyewe anakitaja ili waumini wajue namna ya kutendeana.

Hoja hiyohiyo inarudi, safari hii kuhusu fedha, katika sura ya 8 na ya 9 za Waraka wa Pili kwa Wakorintho, zinazohusu changizo kwa ajili ya waumini maskini wa Yerusalemu. Kristo aliyekuwa tajiri alijifanya maskini kwa ajili ya wengine, na makanisa ya Makedonia, yaliyokuwa katika ufukara mkubwa, yaliomba kwa kusihi yaruhusiwe kuchangia. Mkono mtupu ndio uliotoa. Lengo Paulo analiita usawa, kwa maana kwamba ziada ya hawa leo iwafae wale, na ya wale kesho iwafae hawa. Na katika Waraka kwa Warumi anaongeza kwamba watoaji ndio wenye deni, kwa sababu Injili iliwafikia kutoka Yerusalemu. Mafundisho mengi ya utoaji hupungukiwa hapa, yanapoufanya unyenyekevu kuwa pambo la mtu mkarimu, ilhali kwa Paulo ndio unaouvunja ufadhili wenyewe, kwani anayelipa deni hana haki ya kudai kulambwa mkono.

Katika sura hizo mbili hakuna jina hata moja la mchangiaji. Tito anatajwa kwa sababu ametumwa kuisimamia kazi hiyo, na pamoja naye ndugu mmoja ambaye, asema Paulo, anasifiwa katika makanisa yote, lakini waraka haukuliandika jina lake.