Kijana, Mchele Unamwagika

Wiki hii nimekasirishwa na kijana ambaye hakunikosea lolote. Jumanne jioni alipita senta ya Nyarugusu (hii yetu ya dhahabu, Geita, si ile ya kambi ya wakimbizi kule Kigoma) akiwa juu ya baiskeli, nyuma kafunga kiroba cha mchele kwenye keria kwa mpira wa tairi, masikioni kavaa hedifoni, zile kubwa zinazofunika sikio lote. Kiroba kilikuwa kimetoboka kwa chini. Mchele ulimwagika nyuma yake, mstari mwembamba mweupe, tangu huko alikotoka hadi pale tulipokuwa tumekaa tukinywa kahawa, na kuku walishaupata.

Mama muuza nyanya ndiye aliyeanza. "We kijana, mchele unamwagika!" Kijana akatikisa kichwa kufuata mdundo. Fundi baiskeli akatoka bandani mwake akapiga mluzi, ule wa vidole viwili unaosikika mpaka machimboni. Wapi! Wazee tukainuka, kila mtu akapaza sauti kwa lugha iliyomjia kwanza, huyu Kiswahili, yule Kisukuma, mwingine Kiha, maana machimbo yametukusanya wa kila aina. Watoto waliokuwa bombani wakaacha ndoo wakamkimbilia hadi pumzi ikawaishia. Mwisho kijana wa bodaboda, Mungu ambariki, akawasha pikipiki akamfuata. Alimpatia mbali. Anasema alipomgusa bega, jamaa nusura atumbukie mtaroni akidhani anakabwa. Alipogeuka na kuona kiroba kimenywea, swali lake la kwanza lilikuwa: "Sasa mbona hamkuniita?"

Senta nzima ilimwita. Nilicheka kama wenzangu, lakini nilipofika nyumbani kicheko kikaisha.

Najua utakaloniambia. Mchele ni wake, masikio ni yake, hedifoni kazinunua kwa jasho lake. Mzee mzima unahangaika na nini? Tena utaongeza kwamba wazee hawakosi cha kulalamikia, jana disko, leo hedifoni. Haya, nimesikia. Na muziki sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na muziki wa kujifungia juu ya baiskeli, katika barabara hizi zetu.

Hoja nzito kuliko zote nimeipata kwa kijana anayefanya kazi kwenye karasha. Nilipomsimulia kisa cha mchele hakucheka. "Mzee," akaniambia, "mimi kutwa nasikia mawe yanasagwa. Injini inanguruma, bosi anafoka, wenye viroba vya mawe wanagombania zamu. Kutoka pale mpaka kwangu ni nusu saa kwa baiskeli. Hiyo nusu saa ndiyo yangu peke yangu. Muziki wangu usiuguse." Nikanyamaza. Aliyewahi kusimama pembeni ya karasha atajua kwa nini nilinyamaza. Ukitoka pale hata ukilala bado unaisikia, na kama kuna binadamu anayestahili wimbo mzuri jioni, ni huyo.

Ila nilimwangalia anavyoongeza sauti ya simu yake mpaka mwisho. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima anayesikiliza muziki kwa desibeli 80 asizidishe saa 40 kwa wiki. Masikio ya karashani yameshakula mgawo huo hata kabla ya kupanda baiskeli. Na zaidi ya hapo, ile nusu saa si yake peke yake. Anaitumia barabarani, pamoja na malori ya mawe, bodaboda, ng'ombe na wanafunzi.

Hebu tuangalie mwenye baiskeli anavyokaa barabarani. Mwenda kwa miguu tulimfundisha shuleni apite kulia, ayaone magari yakimjia usoni. Mwenye baiskeli anapita kushoto, mwelekeo mmoja na magari, kwa hiyo yote ya upande wake yanamjia kisogoni. Dereva wa gari ana vioo vitatu. Bodaboda ana saitimira mbili, walau siku aliyoinunua pikipiki. Mwenye baiskeli ana nini? Ana masikio. Lori linalokwenda kilomita 60 kwa saa linakula mita 16 na ushee kila sekunde. Ukilisikia likiwa mita 100 nyuma yako, una sekunde sita au zaidi kidogo za kusogea pembeni, kushuka, hata kumsonya dereva. Usipolisikia, una bahati yako tu. Na hizi njia za vumbi wakati wa kiangazi! Lori la kwanza likishapita, dereva wa la pili haoni mbele. Anaendesha kwa kukumbuka njia. Hapo usalama wote uko kwako wewe unayeweza kulisikia.

Kinachoniuma ni kwamba vijana wetu wanalijua hili kuliko mimi. Muulize mchimbaji yeyote hapa au kule Rwamagasa kama anaweza kushuka duarani, yaani shimoni, kavaa hedifoni. Atakuona umechanganyikiwa. Kule chini anasikiliza matimba, zile nguzo zinazozuia kuta za shimo, yakilia, anasikiliza jiwe likiachia, anasikiliza sauti ya mwenzake aliye juu na kamba. Sikio ndilo linalomrudisha kwa watoto wake. Akishatoka nje, akanawa uso, akapanda baiskeli, ghafla sikio linakuwa la starehe tu, kana kwamba kifo kinaishia mdomoni mwa duara.

Huku Usukumani muziki na baiskeli havikuanza kujuana jana. Baba zetu walipouza pamba walinunua baiskeli, na aliyebakiwa na chochote akanunua redio. Kijana mwenye vyote viwili alikuwa amekamilika. Kilichobaki ni ng'ombe wa mahari. Baiskeli ilipambwa maua ya plastiki, ikawekwa kengele ya kung'aa na saitimira hata pale ambapo hapakuwa na gari la kuonekana ndani yake, na redio ya kaseti ikafungwa mbele kwenye usukani. Ulisikia ngoma kabla hujaliona vumbi. Au ulisikia Radio Tanzania inasoma salamu, na miaka ya baadaye Radio Free Africa kutoka Mwanza. Aliyeinama shambani alipata nusu ya wimbo, nusu iliyobaki akaimalizia mwenyewe na jembe. Sisemi kila mtu alifurahi. Aliyekuwa na mgonjwa ndani alinuna, na betri zilikuwa ghali hata watu wakawa wanazianika juani zipate nguvu kidogo. Lakini mwenye redio ukimsalimia "mwangaluka" alikusikia, akakujibu, akaendelea na safari na muziki wake.

Wenyewe waliotuletea starehe hii ya kusikiliza peke yako waliingiwa na wasiwasi mapema. Sony ya Japani ilipotoa Walkman ya kwanza mwaka 1979, iliitoboa matundu mawili ya hedifoni ili watu wawili wasikilize pamoja, ikaiwekea na kitufe cha rangi ya chungwa: ukikibonyeza, muziki unashuka na maneno ya mwenzako yanakufikia kupitia maikrofoni ndogo. Akio Morita, mmoja wa waasisi wa kampuni hiyo, aliona ni utovu wa adabu mtu kujifungia na muziki wake mbele ya wenzake. Kitufe hicho kikaachwa katika matoleo yaliyofuata. Inaonekana wanunuzi hawakuwa na haja sana na maneno ya wenzao.

Ufaransa hawakutegemea adabu. Tangu Julai 1, 2015, mwenye baiskeli akikutwa na hedifoni au vile vidude vya kuchomeka sikioni hutozwa euro 135. Uholanzi, wanakoishi watu wanaopenda baiskeli kuliko wote, hawakufika huko. Walichokataza mwaka 2019 ni kushika simu ukiwa unaendesha. Najua kuna atakayeudaka mfano wa Waholanzi anirushie nao. Namrudishia. Mholanzi ana njia yake ya baiskeli, ya lami, ambamo lori haliingii. Nyarugusu ikipata hiyo nitatafuta kitu kingine cha kulalamikia. Kwetu hapa, Sheria ya Usalama Barabarani ilitungwa mwaka 1973, miaka sita kabla ya Walkman, na kusema kweli sitamani kumwona trafiki akihangaika na kijana wa baiskeli huku malori yasiyo na breki yakipita.

Wala sijamtoa dereva kwenye lawama. Anayefunga vioo, akawasha kiyoyozi, akafungulia sabufa na kuachia honi kazi yote, huyo naye kajivika hedifoni za chuma. Honi si ruhusa ya kumgonga asiyesikia. Kuna viziwi wanaoendesha baiskeli, na haki yao barabarani ni sawa na ya mwenye tipa. Dereva mwenye akili huhesabu kwamba kila baiskeli iliyo mbele yake haisikii, akapunguza mwendo.

Hapo mpinzani wangu atachekelea: kama kiziwi anaendesha, kwa nini mimi na hedifoni zangu nisiendeshe? Kwa sababu kiziwi anajua asichokuwa nacho. Muangalie akiwa njiani. Shingo haitulii, kila mara anageuka nyuma, na penye kona anashuka. Wewe mwenye hedifoni unapita kona hiyohiyo umefumba macho, kwa sababu wimbo umefika kwenye kiitikio.

Wengine wameniomba tukubaliane kwa sikio moja. Nimelifikiria. Kwa aliyeshindwa kabisa namkubalia, mradi la wazi liwe la kulia, upande yanakopita magari. Lakini nawajua. Wimbo ukikolea, na la kulia nalo linazibwa.

Kwa hiyo wewe wa karasha, nusu saa yako naiheshimu, tena naona ni ndogo. Ifikishe nyumbani. Kaa chini ya mwembe wako, vaa hedifoni zako mpaka usiku wa manane, na atakayekusumbua mlete kwangu. Barabarani zivue. Na kama safari bila muziki haiendi, funga redio kwenye usukani kama alivyofanya baba yako, kwa sauti ya kiasi, masikio yote mawili wazi. Ukipita kwetu na wimbo mzuri, punguza mwendo, nasi tuusikie.