Ada Iliyofichwa Chini ya Bei

Ndugu zetu Waislamu,

Mji wetu wa Mombasa ni mlango wa magari. Huteremshwa Kilindini, mengi yao yakiwa yamekwisha kutumika Japani, kisha yakapangwa yadini kungojea wanunuzi. Biashara hii ni halali, na wengi waishikao ni ndugu zetu tunaosimama nao safu moja msikitini. Kwa hivyo hatuna budi kunasihiana.

Mtu hudunduiza mali yake miaka mingi, pengine akauza na dhahabu ya mkewe, ili apate gari la kuchumia riziki. Hutajiwa bei, akairidhia, akatoa arubuni. Siku ya kumaliza ndipo hutajiwa mengine: ada ya kugeuza jina katika logibuku, ada ya makaratasi, na ada ya "shughuli" ambayo hapana awezaye kueleza ni shughuli gani. Akisita, huambiwa arubuni hairudi. Basi hulipa, na moyo wamuwaka.

Je, hiyo ndiyo ridhaa? Mwenyezi Mungu, katika Sura an-Nisaa, aya ya 29, ametukataza kuliana mali kwa batili, akatuhalalishia biashara ya kuridhiana. Na mtu hawezi kukiridhia asichokijua.

Hatusemi kwamba kila ada ni haramu. Serikali ina ada yake ya kugeuza jina, na mwenye kuhangaika na makaratasi astahili ujira. Lililo haramu ni kuificha ada mpaka mnunuzi amekwisha kufungika, au kuiongeza kisha ukasema yote ni ya serikali.

Mtume (s.a.w.) alipita sokoni Madina, akatia mkono katika lundo la chakula, akakuta ndani kumerowa. Mwenyewe akatoa udhuru wa mvua. Mtume akamuuliza mbona hakukiweka juu kilichorowa, watu wakakiona. Kisha akabainisha kuwa mwenye kughushi si katika wafuasi wake. Angalieni: mvua haikuwa kosa la yule mtu. Kosa lake ni kuficha.

Basi, ewe muuzaji, andika bei na ada zote katika karatasi moja kabla hujapokea arubuni. Nawe mnunuzi, uliza mapema: "Nikilipa hizi, nitaondoka na gari langu pasi na senti nyingine?" Ada ziwekwe juu ya lundo, zionekane.

Wabillahi tawfiq.