Bolti Iliyokazwa Mno



Chini ya gari la otomatiki kuna sampo, yaani karai la bati lifungwalo chini ya giaboksi ili kuhifadhi oili yake, ambayo mara nyingi ni nyekundu. Kati ya karai na giaboksi huwekwa gasketi. Gari lipitalo njia za mawe na tope hutikisika sana, na siku moja twaona matone mekundu mahali lilipolala. Usipoziba ufa utajenga ukuta: oili ikipungua, giaboksi huteleza, hupata moto, na mwisho hufa.

Wengi wetu tuonapo tone hukimbilia spana. Ikivuja tena, twakaza zaidi. Lakini bolti hizi ni ndogo. Nati za gurudumu hukazwa kwa nyutonimita 100 hivi. Bolti za sampo, katika magari mengi, kama 10 tu. Tukipita hapo, gasketi hupondeka na ukingo wa bati hupinda kuzunguka kila tundu. Kati ya bolti na bolti hubaki mwanya, na oili hupita papo hapo.

Fundi mwenye subira humwaga oili, hushusha sampo, hukwangua gasketi kuukuu, na kuunyosha ukingo taratibu kwa nyundo juu ya kipande cha mti. Kisha huweka gasketi mpya, akakaza bolti kidogo kidogo, upande huu na upande wa pili, mpaka kipimo. Mwisho hutia oili na kupima kiwango chake.

Sasa tulitazame Kanisa letu. Binti wa kwaya akipata mimba kabla ya ndoa, twamkemea mbele ya watu, twamzuilia Meza ya Bwana, na nyumbani anafungiwa mlango. Akianza kupotea, twaongeza ukali. Kisha twashangaa mbona viti vya vijana vi vitupu! Na yule mwanamume aliyempa mimba je? Kama yeye bado anakaa kiti cha mbele, tumekaza upande mmoja tu, na karai limepinda.

Katika Wagalatia 6:1 Mtume Paulo anatuagiza kumrejeza aliyeanguka kwa roho ya upole. Neno la Kiyunani alilotumia ni lile lile la Marko 1:19, pale wana wa Zebedayo walipokuwa wakitengeneza nyavu zao. Wavu uliochanika hautengenezwi kwa kuvutwa kwa nguvu. Hushonwa tundu kwa tundu.

Hatusemi nidhamu iondolewe, maana sampo isiyo na bolti huanguka. Twasema iwe na kipimo, tena iwe kwa pande zote.

Basi juma hili kila mmoja wetu amtembelee mmoja aliyeacha kuja ibadani. Aketi naye, amsikilize kwanza. Bwana atujalie mikono yenye upole. Amina.