Paka wa Zizi la Texas

Mapema mwaka 2024, madaktari wa mifugo kaskazini mwa Texas, Marekani, walianza kuitwa mashambani kutazama ugonjwa wasioujua. Ng'ombe wa maziwa walisusa chakula, hawacheui, na maziwa yalipungua ghafla. Machache yaliyotoka yalikuwa mazito na ya manjano kama dang'a, ilhali ng'ombe wenyewe walizaa miezi mingi nyuma. Magonjwa yaliyozoeleka yalipimwa, hayakuonekana. Kwa kuwa wengi walipata nafuu baada ya wiki mbili hivi, kazi iliendelea: mashine za kukamulia zikahamishwa kiwele hadi kiwele, na ng'ombe walioonekana wazima wakapakiwa malorini kwenda majimbo mengine.

Katika shamba moja walikuwapo paka wapatao 24, wakinyweshwa maziwa mabichi ya ng'ombe wagonjwa. Maziwa hayauziki, basi wapewe paka. Mfugaji yeyote angefanya hivyo. Muda si mrefu paka wakaanza kuyumba na kuzunguka mahali pamoja. Macho na pua vilichuruzika, wengine wakapofuka. Zaidi ya nusu walikufa. Mizoga ilipopimwa katika maabara ya Iowa State University, virusi vya mafua ya ndege, H5N1, vilikutwa hadi kwenye ubongo. Tarehe 25 Machi serikali ikatangaza kwamba ng'ombe nao wanavyo.

Virusi hivi haviingii popote vipendapo. Lazima kwanza vinase kwenye vipokezi vilivyo juu ya seli. Vipokezi vinavyovifaa vimejaa kwenye utumbo wa bata. Kwa binadamu ni haba puani na kooni, ila vipo ndani ya mapafu na machoni. Kumbe kiwele cha ng'ombe nacho kimejaa vipokezi hivyo! Ndiyo maana maziwa yalibeba virusi vingi kupita kiasi, na ndiyo maana mfanyakazi wa shamba aliyeambukizwa Texas aliugua macho mekundu. Kila mnyama anyonyeshaye anayeambukizwa huvipa virusi nafasi ya kubadilika na kuzaliana vizuri zaidi ndani ya miili kama yetu.

Kinachoniuma ni kwamba onyo lilikwisha kutolewa. Mwaka 2004, huko Sriracha, Thailand, chui milia wa bustani ya wanyama walilishwa kuku wabichi wenye virusi hivi. Kuku walipoacha kutolewa, maradhi hayakukoma; chui waliambukizana wenyewe kwa wenyewe, na jumla ya 147 walikufa au kuuawa. Joto lingetosha kuua virusi vilivyokuwa kwenye nyama ile, kama ambavyo lingetosha kwa maziwa ya Texas.

Hatimaye Marekani iliagiza ng'ombe wanaokamuliwa wapimwe kabla ya kuvushwa kutoka jimbo moja hadi jingine. Agizo lilipoanza kutumika, tarehe 29 Aprili, maambukizi yalikuwa yamethibitishwa katika majimbo 9.