Enyi Wavunja Vikoba!

Ndugu zangu, Disemba iliyopita nilikaa mkekani uani kwa jirani yangu, nikashuhudia dhambi ikitendeka mchana kweupe. Na mimi nilikuwa miongoni mwa watenda dhambi.

Sanduku la bati la kikoba chetu lilikuwa katikati. Lina makufuli matatu, na funguo wanazishika kina mama watatu wasiokaa nyumba moja, ili asipatikane wa kulifungua peke yake. Wa kwanza alifika saa nane. Wa pili akaja na mtoto mgongoni. Yule wa ufunguo wa tatu akachelewa, kama kawaida yake, tukamsema mpaka midomo ikakauka. Alipofika hakuomba hata radhi. Akafungua fundo la pindo la khanga, akatoa ufunguo, kufuli likaachia, na hela ya mwaka mzima ikamwagwa mkekani: elfu kumikumi zilizofungwa kwa mpira, elfu mbilimbili zilizochakaa zikanuka dagaa, sarafu ndani ya kopo la maziwa ya unga. Katibu akasoma daftari. Kila mtu akapewa chake. Vigelegele! Pilau! Kufika magharibi sanduku lilikuwa wazi, na kuku wa jirani amesimama ukingoni anachungulia ndani.

Januari tukaanza na sifuri, kama tulivyoanza Januari ya mwaka juzi, na ya mwaka ule mwingine, miaka kumi na moja mfululizo.

Nawauliza, enyi wavunja vikoba: mmepata kumwona wapi mkulima ang'oaye mche wa mnazi kila Disemba, agawane mizizi na majirani, kisha Januari apande mwingine?

Sikitukani kikoba. Kikoba kimetuzikia wafu wetu, kimetulipia ada shule ilipotishia kumrudisha mtoto nyumbani. Kuweka tunajua, hakuna taifa la kutufundisha kuweka. Tusichojua ni kuacha. Hapo ndipo tunapopotea, na hapo ndipo nitakaposimama leo mpaka mnielewe.

Chukueni kalamu. Dada mmoja anaweka shilingi 50,000 kila mwezi kwa miaka 10 katika mfuko wa uwekezaji wa pamoja, na tuseme mfuko unakua kwa asilimia 10 kwa mwaka. Ametoa mfukoni mwake 6,000,000. Anakuta kama 10,200,000. Sasa asiongeze hata senti. Aache tu, miaka 10 mingine. Atakuta zaidi ya 27,000,000. Kaka yake alikula ile miaka 10 ya kwanza, akashtuka, akaanza mwaka wa kumi na moja, akaweka 50,000 ileile kila mwezi kwa miaka 10. Naye ametoa 6,000,000. Siku wanayokutana, kaka ana 10,200,000. Jasho lao ni moja, lakini kati yao pana milioni 17, na milioni hizo hazikuletwa na mshahara mnono wala ujanja wa mjini. Zimeletwa na faida kuzaa faida wakati dada yuko zake kwenye shughuli nyingine. (Hiyo asilimia 10 ni mfano wangu. Mfuko hupanda na kushuka, na anayekuahidi kiwango kisichotikisika mwogope.)

Mtasema, mambo hayo ni ya wenye magari. Uongo! Serikali ilianzisha Dhamana ya Uwekezaji Tanzania, UTT, mwaka 2003, na mfuko wa Umoja ukafunguliwa mwaka 2005 kwa ajili ya mwananchi wa kawaida. Leo chini ya UTT AMIS, kampuni ya serikali inayosimamia mifuko hiyo, mna Umoja, Wekeza Maisha, Watoto, Jikimu, Ukwasi na Hatifungani, na zipo kampuni binafsi zenye mifuko yao. Hela zetu ndogondogo zinakusanywa, meneja ananunua hisa, hatifungani na amana za benki, na wewe unahesabiwa vipande. Thamani ya mali yote, ukitoa madeni na gharama, ikigawanywa kwa idadi ya vipande, ndiyo thamani ya kipande chako. Siku ya kazi ikiisha wanapiga hesabu upya.

Na makufuli? Yapo. Meneja anaamua kinunuliwe nini, lakini mali haikai mikononi mwake. Inatunzwa na benki iliyo kando naye. Juu yao wote kuna Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na pasipo leseni yake usitoe hata shilingi. Makufuli matatu, kama ya sanduku letu.

Lakini msikimbilie kujiandikisha kama watu wanaogombania daladala. Kwanza jiulize: hela hii nitaihitaji lini? Ada ya Januari ikae Ukwasi, ambako unaitoa ndani ya siku chache bila kuomboleza. Hela ya uzee, ya miaka 15 mbele, iende kwenye mfuko wenye hisa ndani, kama Umoja, maana hisa ndizo zinazokimbia kwa muda mrefu, ingawa njiani zinajikwaa. Jikimu hutoa gawio. Ni chakula cha mstaafu. Kijana wa miaka 28 anayekula gawio anakula mbegu.

Nakiri mbele yenu. Mimi nilikuwa kijana huyo. Niliingia mfuko wa gawio nikiwa na nguvu zangu na mshahara wangu, kwa sababu nilipenda ule ujumbe wa simu unaosema hela imeingia. Ukiingia tu, ninaita marafiki. Nyama choma, soda, siku moja hata viatu visivyonitosha vizuri, nikavinunua kwa sababu vilikuwa vya mwisho dukani. Miaka saba. Vipande vyangu vilikaa idadi ileile, na viatu navyo vimeisha. Hakuna aliyeniibia. Fomu ilikuwa na sehemu ya kuchagua gawio lirudishwe mfukoni, linunue vipande vingine, nami nikairuka kwa kalamu yangu mwenyewe.

Pili, uliza ada za mfuko. Waraka wa toleo haunogi kusoma, najua, ila humo ndimo gharama zinamojificha. Weka ile 50,000 kwa mwezi miaka 20: kwa asilimia 10 unapata karibu milioni 38. Gharama zikila asilimia mbili kila mwaka, unabaki na milioni 29 na nusu. Milioni nane na nusu zimeondoka kimyakimya, wala mbwa hakubweka.

Tatu, usichague mfuko kwa sababu mwaka jana uliongoza. Wengi hufika kwenye karamu wakati masufuria yanaoshwa. Tazama miaka mitano, kumi, ule mwaka mbaya ukiwamo, uone meneja alikuwa na sura gani siku ya njaa.

Na siku ya njaa itakuja! Hisa za benki ya CRDB zilikuwa zimevuka shilingi 400 mwaka 2014. Mwaka 2019 zikawa chini ya 100. Watu walilia, wakauza, wakaapa hawatarudi. Mwaka 2024 zilivuka 600. Sisemi kila hisa hufufuka. Zipo zilizozikwa zikasahaulika. Ndiyo maana mtu mdogo hashiki hisa moja, anashika kipande cha mfuko wenye nyingi. Yusufu kule Misri hakungoja mwaka wa njaa ndipo ajenge ghala, wala hakulibomoa ghala mwaka mmoja wa mavuno haba. Waislamu kwa Wakristo tunaijua habari hiyo tangu utotoni. Mbona tukishaingia mjini tunajifanya hatukuisikia?

Tena neno hili nalisema kwa uchungu. Mnakumbuka upatu wa DECI. Walihubiri kupanda na kuvuna, wakachukua maneno yetu matakatifu ya mbegu na shamba, na watu wakapanga foleni na hela za ng'ombe waliouza. Serikali ilipousimamisha upatu ule mwaka 2009, mavuno hayakuwapo. Kulikuwa na hela ya wa nyuma iliyolipwa kwa wa mbele. Mbegu halisi haioti wiki sita ikazaa mara mbili. Anayekuja kwako na haraka, hata akiwa ameshika Biblia, hata akiwa na sijida, muulize leseni.

Ndugu yangu Mwislamu unayeogopa riba, hofu yako ni ya haki na usimruhusu mtu akuchekee. Hatifungani na amana zimejaa riba. Tafuta mfuko unaosimamiwa kwa misingi ya sharia, siku hizi ipo, na muulize sheikh unayemwamini wewe, wala si wakala anayetafuta kamisheni.

Sasa turudi mkekani, maana Disemba inanyemelea. Sisemi tusile pilau. Tule! Lakini kabla katibu hajafungua daftari, kila mmoja atamke sehemu isiyofika mkononi mwake, hata ikiwa elfu ishirini, inayokwenda kununua vipande Jumatatu asubuhi, kwa jina lake, na isirudi sandukuni. Anayeshindwa kusema na aseme kesho. Anayesema watoto wake ndio uwekezaji wake, awaulize hao watoto kwanza.

Na wewe mama wa ufunguo wa tatu, uliyesemwa na kutetwa miaka yote hii, nimekukosea, nakuomba radhi hadharani. Safari hii tukikusanyika kuvunja, na hakuna aliyetamka sehemu yake, chelewa. Lifunge fundo la khanga, panda daladala, nenda kamsalimie shangazi yako Kibaha, na simu uizime.